Koki Aliyoiacha Mjomba

Saa mbili asubuhi, siku ya Alhamisi, mjomba anapunguza koki ya pampu ya hewa kwa vidole viwili. Kwenye mashine ya leza kuna plaiwudi nyembamba ya kadi za harusi, na upepo mkali ungeipeperusha. Ghafla anashika kifua.

"Mpwa, natoka nje kidogo. Chai yangu usiimalize, nakujua."

Alianguka mlangoni. Chai ilipoa mezani, hakuna aliyeinywa.

Sasa ni miezi tisa tangu afariki. Mwanamke huyu wa miaka thelathini na minne bado anaitwa Mpwa na wateja wote, ingawa aliyempa jina hilo hayupo. Karakana yao ni chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mjomba, chenye feni dirishani na harufu ya mbao iliyoungua iliyoshika hadi kwenye pazia.

Kilichowalisha ni migongo ya viti, mbao za milimita kumi na mbili zinazotobolewa maua na majani. Mwenye duka la samani alichukua ishirini na nne kila mwezi, karibu nusu ya mapato yao. Kila alipokuja alipitisha kidole ukingoni, akakitazama kama kina masizi.

"Unatafuta nini, shemeji?" mjomba alikuwa akimtania. "Hapa hatuuzi mkaa."

Mbao nene ina hila zake. Asiyejua hudhani mwale wa leza unapaswa kwenda polepole ili ukate mara moja. Mpwa anakumbuka mjomba alivyomcheka siku zake za kwanza.

"Aliniambia, 'haraka haraka haina baraka' kawaambie wapishi. Moto ni mgeni. Apite, arudi, apite tena. Akilala, anakuchomea nyumba."

Kwa hiyo walipitisha mwale mara nne kwa kasi. Walibandika utepe wa karatasi juu ya mbao ili moshi uchafue utepe, wakaiinua juu ya misumari ili moshi upate pa kutokea chini. Lenzi ilifutwa kila asubuhi. Na hewa ya pampu ilipuliza pale pale mwale unapogusa, isiache ulimi wa moto usimame.

Baada ya mazishi Mpwa alifuata yote hayo, lakini migongo ilitoka na kingo nyeusi. Alipoisugua kwa msasa, majani yalikonda, mengine yakakatika.

"Dada, kidole hiki nikakifutie wapi?" mwenye duka alimuuliza mwezi wa tatu baada ya mazishi. "Mzee nilimpenda. Lakini wateja wangu hawakalii kumbukumbu, wanakalia viti. Nakupa mzigo mmoja wa mwisho."

Mke wa mjomba, ambaye mashine ni yake sasa, hakuficha neno: duka likiondoka, mashine inauzwa.

Siku mbili kabla ya mzigo kuchukuliwa, mama huyo aliingia karakanani akamkuta Mpwa amekata mgongo mwingine mweusi. Akaweka kiganja karibu na mrija wa hewa.

"Mbona inapumua kama mgonjwa? Mume wangu akikata mbao nene, mimi niko jikoni nasikia upepo."

Mpwa akaitazama koki. Tangu Alhamisi ile hakuwahi kuigusa. Aliwasha pampu na kuizima kwa swichi ya ukutani, koki akaiacha ilivyo.

"Nadhani moyoni nilijua," anasema leo. "Lakini vidole vyake ndivyo vya mwisho kuishika. Nikiizungusha, si nitakuwa nimemfuta?"

Shangazi, ndivyo anavyomwita mke wa mjomba, alimwelewa kabla hajaeleza.

"Mwanangu, aliiweka hapo kwa ajili ya kadi za watu. Hakuiweka kwa ajili yako."

Mpwa akaizungusha. Ilikuwa imekaza, ikabidi atumie mikono yote miwili. Hewa ikavuma, pazia likatikisika, na wanawake wawili wakasimama wanalia huku mashine inakata. Utepe ulipobanduliwa, ukingo ulikuwa wa rangi ya asali.

Mwenye duka alipitisha kidole upande mmoja, akageuza mbao, akapitisha tena.

"Haya," alisema. "Pakieni."

Mpwa anataka kununua pampu kubwa zaidi, aweze kukata mbao za milimita kumi na nane. "Mjomba alikuwa anazitazama tu dukani, anazipapasa, anaziacha."

Mashine haiuzwi tena. Jumatatu Mpwa anaanza migongo mingine ishirini na nne.