Kikombe Kwenye Msumari

Mwezi jana nilirudi Musanda kwa mazishi. Chai ilipoanza kumiminwa, mwanamke mmoja wa makamo alitoa kikombe chake cha bati kwenye mkoba. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nilimtambua, nikainamisha kichwa.

Rafiki yangu, ungeliona boma letu miaka ile ya themanini ungelipenda. Miwa pande zote, harufu ya viazi vitamu vikichomwa jikoni, nyanya akisonga obusuma, ugali wetu, huku akiimba. Ila jirani yetu, mama yake huyu wa kikombe, akitokea njiani, wimbo ulikatika. "Funikeni ingokho, kuku asimwone, anapita!" Ilisemekana ana jicho: akikutazama ukila, tumbo litakusokota. Na jicho, walisema, mama humwachia binti. Wanawe wa kiume tulikula nao sahani moja. Yeye na bintiye walinywea nje, kwa kikombe chao kilichoning'inia kwenye msumari ukutani.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili siku nilipopanda mpera niliokatazwa, nikala mapera mabichi mpaka basi. Jirani alipita chini na mzigo wa kuni, akaniona, akacheka. Jioni nikawa nagaagaa sakafuni.

"Nani alikutazama ukila?" nyanya akauliza.

Niliogopa kiboko. Nikamtaja.

Wakamleta. "Wewe, kuja umalize ulichoanza!" Alipiga magoti mbele ya watu wote, akatemea maji viganjani, akanisugua tumbo, maana ndivyo mwenye jicho alivyotakiwa kufanya. Kusugua ndiko kulikuwa kukiri. Angekataa, nani angemwamini? Aliniinamia tu, akaninong'oneza: "Mapera yalikuwa matamu, baba?"

Asubuhi nikaamka mzima, na uzima wangu ukawa ushahidi. Bintiye alikuwa ameposwa na watu wa Likuyani. Walisikia habari, hawakurudi tena. Hajaolewa hadi leo.

Sasa mimi nina wajukuu. Mpera ulikatwa, nyumba ya jirani imemezwa na miwa, yeye, nyanya na wote waliosimama pale wamezikwa. Nimebaki peke yangu ninayejua ukweli. Siku ile ya mazishi nilisogea karibu na yule binti, nikafungua mdomo, nikamwuliza kama mahindi yake yamekauka.

"Yamekauka, mzee," akanijibu. Akasuuza kikombe chake, akakifuta kwa leso, akakirudisha mkobani.