Ukuta wa Kuelekea Chooni

Mimi ni kine. Ndivyo tunavyoitwa Bujumbura, kwa kukata neno refu la Kifaransa katikati: mtu wa kuvifundisha viungo kazi yake upya baada ya kiharusi au ajali. Buyenzi nilikozaliwa, nyuma ya duka la spea la baba, wananiita tu "yule dada wa kuvuta watu miguu". Sijawahi kubishana nao. Nimeitwa vibaya zaidi na watu waliosoma zaidi.

Mwaka mmoja nilipewa cheo. Kituo chetu cha afya, santere kwa lugha ya mtaani, kilikuwa na watu watatu ambao si madaktari wala wauguzi: mimi, mama mmoja wa Gasenyi anayetengeneza viatu na vyuma vya kushikilia miguu mibovu, na binti wa lishe. Ikaamuliwa tuwe na kiongozi, na kiongozi awe mimi. Niliuliza kiongozi anapata nini. Nikaambiwa anaingia mkutanoni. Jumatatu nikaingia, nikahesabu watu, nikahesabu viti, kisha nikavihesabu tena, maana haraka humfilisi muuzaji. Kiti kimoja kilipungua. Nikasimama mlangoni na cheo changu.

Mkuu wa kituo, titulaire kama tunavyomwita, alikuwa muuguzi wa miaka mingi, na si mtu mbaya. Alikaa Musaga, Buyenzi aliijua kwa dirisha la gari. Nilitaka kwake kitu kimoja tu: ruhusa ya kuwafuata wagonjwa majumbani.

"Juu ya nini uwafuate?" akaniuliza. "Santere iko wazi. Wakuye hapa."

"Wangekuwa na miguu ya kukuya, shefu, wasingekuwa wagonjwa wangu."

"Watu watasema munaenda kutafuta ya mufukoni."

"Nitaenda mchana, na bluzi yangu nyeupe ya kazi, mlango wazi. Mwizi haendi kuiba na bluzi nyeupe."

"Wako wanaoenda," akasema, na hapo alinishinda, nikacheka.

Nilianza kwa kudai kila siku ili nipate tatu. Yeye alianza kwa kukataa kabisa ili atoe moja. Tukakutana kwenye mbili, Jumanne na Alhamisi alasiri, kila mmoja akiamini amemlalia mwenzake. Biashara nzuri huwa hivyo.

Ndivyo nilivyofika kwa fundi wa radiata. Alikuwa mjane, mtu wa makamo yaliyokwisha, na mdomo ambao kiharusi kiliupinda kidogo lakini hakikuuziba. Alikaa na mwanawe na mke wa mwanawe katika vyumba viwili vya uwanja wa kupanga, ule wa familia nyingi na bomba moja. Mwanawe alitoka alfajiri kwenda gereji, akarudi magharibi. Mchana kutwa nyumbani alibaki muzee na mukazana wake, huyo mke wa mwana.

Siku ya kwanza nilimkuta amelala, midomo imekauka, akisema kichwa kinazunguka. Hospitali walikuwa wamembadilishia vidonge, wakambadilishia tena. Nikaupima mguu wa kushoto, ule mbovu, na haukuwa mbovu kama nilivyoutarajia. Nikajiuliza mtu mwenye mguu kama huu amelalia nini. Mukazana akaleta chai, akaiweka chini karibu na mlango bila kumtazama, kama adabu inavyotaka, akatoka. Muzee hakuigusa.

"Kunywa, muzee."

"Nitakunywa mutoto akirudi."

"Itapoa."

"Nimekunywa nyingi za baridi. Sijakufa."

Nikamwuliza anataka nini kwangu. Kila mgonjwa husema anataka kutembea, naye akasema hivyo. Mimi huwa siishii hapo; kutembea ni bidhaa bila jina mpaka mtu aseme anakwenda wapi.

"Kutembea kwenda wapi?"

Akautazama mlango kwanza. "Musalani," akasema chini kwa chini.

Choo kilikuwa mwisho wa uwanja, nyuma ya pembe ya ukuta, na mbele yake ngazi moja ndefu ya saruji. Kufika huko alihitaji mkono wa mtu, na mchana mkono uliokuwepo ni wa mukazana. Kwetu, awe Mwislamu au Mkristo, mke wa mtoto hakai hata mkeka mmoja na baba mkwe. Amshike kiuno? Amsubiri nje ya mlango wa choo? Kopo la chumbani nalo, nani angelimwaga? Basi muzee alikuwa amepiga hesabu yake mwenyewe, na ilikuwa hesabu sahihi: kisichoingia hakitoki. Tangu alfajiri hadi magharibi hakuweka tone mdomoni. Kizunguzungu walichokuwa wakikifukuza kwa vidonge kilikuwa kiu.

"Hiyo saumu ya nani, muzee?"

"Ya haya," akasema. "Nayo haina mwezi wa kuisha."

Jumatatu nilieleza mkutanoni, kutoka mlangoni. Walinisikiliza vizuri. Ikaamuliwa mgonjwa ashauriwe kunywa maji. Kuhusu choo haikuamuliwa kitu, kwa kuwa choo si ugonjwa.

Nikarudi kwenye njia ninazozijua. Mafundi wenzake muzee wa gereji walichukua mabomba ya moshi ya magari yaliyokufa, wakayaunga, wakatupatia chuma cha kushika kutoka mlango wake hadi ukingo wa ngazi. Mwenye nyumba, mama mwenye funguo nyingi kiunoni, alikuja kusimama mbele ya mafundi.

"Ukuta wangu munautoboa na ruhusa ya nani?"

"Ya mupangaji wako anayekufa kiu, mama."

"Mi siuzi maji."

"Na kamba yako ya nguo imekatika tangu lini? Chuma kile kinabeba hata blanketi."

Akakitazama chuma kwa macho mengine. Tukafanya mapatano: nguo za watoto tu, tena baada ya alasiri, na muzee akiteleza nazo zikachafuka, mama ataniita mimi nije kuzifua. Wapangaji wakacheka, na mafundi wakatoboa ukuta.

Kwenda kulikuwa rahisi, mkono wake mzima wa kulia ulikaa upande wa ukuta. Kurudi, ukuta unakuwa upande wa mkono uliokufa. Kwa hiyo nilimfundisha kuuelekea ukuta na kuja ubavu ubavu. Alienda kama mtu akarudi kama kaa, na watoto wa uwanja walimfuata wakimwiga. "Muniige vizuri," aliwaambia, "mutazeeka nayo." Jumanne na Alhamisi nilimshika kiuno kwa mkanda, mbele ya majirani wote, na hakuna aliyenyanyua jicho. Bluzi ilikuwa kazini. Mwanawe nilimfundisha pia, jioni moja, lakini yeye alimnyanyua kama injini, na injini haijifunzi kutembea.

Alifika kwenye pembe ya ukuta, kisha akawa anafika huko bila mkono wangu. Ikabaki ngazi. Ngazi ndiyo ilikuwa choo chenyewe. Kabla yake yote ni matembezi. Nilimwambia wiki chache tu, akianza kuipanda peke yake atakunywa chai ya moto saa nne asubuhi kama tajiri.

Hapo ndipo kikaja chumba.

Wafadhili walitupatia vyuma viwili vya kujifunzia kutembea, vinang'aa, kitanda, na kioo kikubwa kama cha duka la harusi. Vyote viliwekwa katika chumba kimoja chenye vigae vipya, vikaachwa na plastiki yake, na mlango ukafungwa mpaka mgeni rasmi aje kuufungua. Wagonjwa waliokuja kwa miguu yao niliendelea kuwafanyisha mazoezi barazani, nje ya mlango huo.

Titulaire aliniita. "Sasa tuna chumba, na kiongozi wake ni we. Ile ya kuzunguka mitaani imekwisha."

"Wangu hawawezi kufika, shefu."

"Watabebwa."

"Leo watabebwa. Wiki ijayo aliyewabeba atakuwa na kazi yake."

Nikaona kuna kingine anachokitafuta. Kweli kilikuwepo: alihitaji mgonjwa wa kutembea mbele ya mgeni. Hao wa barazani walikuwa na maumivu ya mgongo, na mgongo haupendezi kwenye picha. Nikamwambia ninaye mmoja. Nitamleta, atatembea, na alasiri zangu mbili zibaki.

"Sawa," akasema.

Nilimrudishia lile neno alirudie, nami nikalihesabu mara mbili. "Sawa, sawa," akasema. Sokoni mtu akikwambia sawa mara mbili unashika bidhaa yako kwa mikono yote miwili, lakini mimi sikuwa na bidhaa ya kushika.

Muzee alicheka nilipomweleza. "Wataniona nikitembea tu? Musalani hawanipeleki?" Alikubali kwa sababu ya ngazi, alijua bila alasiri zile haipandi.

Siku yenyewe wenzake wa gereji walimpakia garini, wakambeba hadi ndani, amevaa kanzu na koti. Akawekwa kati ya vyuma viwili. Sakafu sawa, kavu, chuma kila upande, hakuna beseni la mtu njiani. Alitembea kama bwana harusi. Wakamwomba arudie kwa ajili ya picha, akarudia. Titulaire akauambia umati: mmemwona alivyoletwa, mmemwona anavyotembea. Makofi yakapigwa. Miujiza ya namna hiyo nilidhani ilikoma zamani. Mgeni akamshika muzee mkono, akasema neno moja, na titulaire akalitafsiri kwa sauti: "Amepona."

Jumatatu nilikuta kiti changu mkutanoni. Nilipokiona nilijua nimeuzwa.

"Yule muzee wako amepona," akasema titulaire. "Mgeni amejionea. Mutoke tena kwenda kufanya nini?"

"Tulikubaliana alasiri mbili, shefu."

"Za wasiotembea. Huyu anatembea. Na wasiotembea wana chumba." Kisha akaongeza, kwa upole, kama mtu anayekufungia mzigo vizuri: "Bluzi isionekane nje ya geti. Atakayetoka nayo nitahesabu amefungua santere yake."

Mama wa viatu vya chuma alitazama dirishani. Binti wa lishe alitazama kucha zake. Kiongozi wao alikuwa amekaa kwenye kiti.

Nilikwenda kwa muzee Jumapili, siku yangu, kwa gauni na ushungi. Gereji za Buyenzi hazijui Jumapili, kwa hiyo mwanawe hakuwepo. Kwenye chuma cha ukutani nilikuta mablanketi ya watu wazima, majimaji, kutoka mlangoni hadi kwenye pembe. Nikayaondoa moja moja. Mpangaji mmoja akatoka na mikono yenye povu.

"Dada, si alipona? Walimupiga hata picha."

Mukazana alinieleza mengine, akiongea huku akichambua mchele. Mume wake alikuwa amechoka. Jioni baba akimwita, anamjibu: "Mbele ya wakubwa ulitembea. Kwetu ndiyo miguu inakataa?" Anamnyanyua, lakini kwa kunung'unika, na baba akisikia manung'uniko anasema basi, haja imeondoka. "Sasa hata usiku hanywi vizuri," mukazana akasema. "Wanasema anajifanya. Mi ndiye niko hapa mchana, ninaona. Lakini mi nitasema nini, na nitamusemea kwa nani?"

Muzee alikuwa ameketi mlangoni kwake. Alikuwa amekonda. Tukasalimiana, akainuka bila kuniomba kitu, akashika chuma, akaenda. Nilimfuata. Alifika kwenye pembe, akageuka, akasimama mbele ya ngazi. Nikapeleka mkono kiunoni pake, pale pale nilipouweka kila Jumanne na kila Alhamisi.

Akarudi nyuma nusu hatua. "Acha, mwanangu."

"Ni ngazi moja tu, muzee."

"Bluzi yako iko wapi?"

"Imebaki kazini. Mikono ni ileile."

"Mikono, ndiyo. Macho ya watu, apana." Akaonyesha uwanja kwa kidevu: wanawake bombani, vijana wawili juu ya ndoo, mwenye nyumba na funguo zake. Wote walikuwa wameacha walichokuwa wakifanya. "Yule wa santere alikuwa anakuya kazi. We ni mutoto wa muuza spea. Na baba yako nilikuwa naswali naye safu moja. Atanishika kiuno binti wake, Jumapili, mbele ya watu? Hiyo tutaiita nini?"

Nilitoa bei zote nilizokuwa nazo. Nishike mkanda tu, si kiuno. Nimwite shangazi yangu asimame karibu. Nije wakati mwanawe yupo, nimwelekeze yeye. Kila moja aliipima kweli, aliitafakari huku akiitazama ngazi, na kwa kila moja akatikisa kichwa. Kuhusu ile ya mwisho akasema mtoto wake hataki tena kusikia habari ya mazoezi, na hatamlazimisha mtu aliyechoka.

Akauelekea ukuta, akaanza kurudi ubavu ubavu. Nilitembea nyuma yake, mikono nimeifunga mgongoni kama askari wa lindo, kwa sababu ningeiacha huru ingemshika. Alipokaribia mlango mukazana aligeuza uso hadi alipopita.

Akakaa. Akapumua. Kisha akaniuliza chumba kile kinakuwaje siku hizi.

"Kizuri. Plastiki tumetoa."

"Kiko na watu?"

"Kiko na kioo kikubwa."

"Basi kila siku unaona mutu mumoja," akasema, na upande mzima wa mdomo wake ukacheka.

Mukazana alileta maji, akayaweka chini karibu na mlango. Muzee aliyatazama, akayasogeza kwa kidole hadi kivulini ili yasipate moto. Ndiyo kwanza adhuhuri ilikuwa inaadhiniwa.