Karai la Bwana Nurul

Mvua ya masika ikipiga bati, mtu hamsikii hata aliyekaa naye mkeka mmoja. Sauti hiyo ndiyo ninayoanza nayo, ingawa habari yenyewe ni ya Dubai, ambako mvua hata haihesabiki, na mtanivumilia, maana mimi sikuvuka chuo cha Kurani na madarasa mawili ya skuli, na asiyesoma husimulia kama anavyotembea juani, akiona kivuli hukaa. Tulikuwa tunaishi Ng'ambo, Unguja, katika nyumba ya udongo yenye vyumba viwili. Nilikuwa na miaka minane au tisa, mama hakuandika popote. Baba alikwenda Pemba kuchuma karafuu na msimu ule hakurudi, akarudi msimu wa pili yake, mnene, lakini hiyo ni habari nyingine. Mama alibaki na sisi na karai lake. Kila siku baada ya alasiri alipanga mafiga matatu barazani akakaanga bajia za dengu, na harufu ile ya kitunguu, bizari na mafuta ya nazi ilikuwa inatangulia hadi njia kuu, ikiwaita watu kwa majina.

Mimi ndiye niliyekuwa nageuza. Mama hakuniamini kuchanganya unga wala kupokea senti, lakini kugeuza alinipa, na alinifundisha kwa njia yake. Bajia ikiungua upande mmoja, niliila mimi, pale pale, moto wake ule ule, wateja wananitazama na kucheka. "Mwanangu," alikuwa akiniambia, "kila kitu duniani kina subira, hata mauti yana siku yake. Mafuta hayana subira." Samaki mkunje angali mbichi, na mimi nilikunjwa nikakunjika. Ikafika siku mkono wangu unajua bajia imeiva kabla jicho halijaona, kwa mlio tu, ule mlio unaopungua ukawa kama mtu anayenong'ona.

Basi siku moja upepo ulikuja pamoja na mvua ukang'oa paa la Bi Zuhura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Bati zima liliruka likaenda kutua juu ya mfenesi wa watu. Bi Zuhura akapiga yowe, mtaa mzima ukakimbia, na mimi nikasimama nikimbie. Mama akanishika shati kwa nyuma. "Unakwenda wapi? Geuza kwanza." Nikageuza, moja moja, karai zima, yowe linaendelea upande wa pili. Tulipomaliza tukaenda na sahani ya bajia, tukamkuta Bi Zuhura amekaa kitandani kwake chini ya mawingu, hana hata mchubuko. Akala ya kwanza, akala ya pili, akasema, "Mwanao huyu, hata Kiama kikisimama atauliza kwanza kama zimeiva." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Sijapata fahari maishani mwangu kama ya siku ile, hata siku niliyooa.

Nilifika Dubai kijana, nikaendesha mabasi ya skuli zaidi ya miaka thelathini, nikastaafu, nikakaa Deira kwa binti yangu. Huko ndiko nilikoijua kafteria ya Wabengali. Kibao chake kilikuwa kimekwisha rangi, watu walisema tu "kwa Mbengali," na wazee wenzangu waliapa kwamba ilikuwepo kabla ya barabara iliyo mbele yake. Vigae vya kijani ukutani, pangaboi lenye kelele, benchi la mbao lililochimbika kwa makalio ya watu ambao wengi wao wameshakufa. Katika miaka ile baada ya elfu mbili na kumi, vioo vya maghorofa vilikuwa vimeizunguka kila upande, nayo imekaa kati kama jino moja lililobaki kinywani. Karai lilikuwa mlangoni, na nyuma yake Bwana Nurul, mfupi, ndevu nyekundu za hina, wa rika langu. Alikaanga piyaju, ambazo ni bajia za dengu na kitunguu, ndugu kabisa wa zile za mama. Alikaanga singara, nazo ni kama sambusa iliyonenepa kwa viazi. Na alikaanga beguni, bilingani lililokatwa vipande vyembamba likavikwa unga wa dengu, nje likavunjika kwa mlio, ndani likayeyuka. Siku ya kwanza nilisimama njiani na beguni mkononi nikashindwa kuondoka. Nilikuwa nimesahau kwamba nilipata kuwa mtoto.

Nikawa mtu wa pale. Lugha haikutuunganisha: mimi Kiarabu changu cha basi, yeye Kihindi chake cha kazini, lakini tulielewana kwa karai. Nilikuwa nasimama kando yake namkabidhi mifuko ya karatasi, wateja wakadhani nimeajiriwa. Na niseme jambo hili sasa, maana ndilo linalonikaba. Mke wangu alipofariki, alizikwa siku ya Ijumaa alasiri, saa ambayo foleni ya Bwana Nurul hufika kona. Nilipoinua macho makaburini nikamwona amesimama na aproni yake, unga mpaka kwenye viwiko. Mpwa wake Shafik alinieleza baadaye kwamba mjomba alipopata habari alizima moto karai likiwa limejaa, akawaambia watu, "Khalas, leo hakuna," akatoka. Vilivyokuwa ndani ya karai vilitupwa.

Ramadhani ile iliangukia kiangazi, joto la kumchemsha mtu akiwa kivulini. Ilikuwa imebaki nusu saa hivi adhana ya magharibi, foleni ndefu, Shafik amekwenda stoo kuchukua unga. Bwana Nurul amefunga, anakaanga bila kuonja, anaonja kwa pua. Ametoka tu kutia beguni, zimejaa karai. Nikamwona anakitazama kijiko cha matundu mkononi mwake kama kitu cha mtu mwingine. Kikamtoka. Akakaa chini, polepole, kisha akalala ubavu, mdomo umekwenda upande.

Na mimi nikaokota kijiko nikageuza beguni.

Sitaki mniongezee wala mnipunguzie. Sikuganda kwa woga, wala sikudhani amelala. Nilimwona. Mguu wake ulikuwa unagusa kiatu changu. Mkono wangu ulikwenda kwenye mafuta, ukageuza moja moja, na masikio yangu yakawa yanasikiliza ule mlio. Mtu wa mbele kwenye foleni, ambaye hakuweza kuona nyuma ya meza, alinyoosha mkono, nami nikaopoa, nikachuja, nikamfungia zake. Zikabaki nyingine, nikaopoa nazo. Ndipo mlinzi wa jengo la pili, kijana Mkenya anayeitwa Kiprono, akachungulia juu ya meza.

"Mzee, huyu ameanguka?" Akaruka meza. "Wewe mzee, wachana na hiyo mafuta! Mtu anakufa hapa na wewe unapika?"

Yeye ndiye aliyemlegezea vifungo vya shingoni, yeye ndiye aliyepiga simu, yeye ndiye aliyemkinga jua kwa koti lake mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Mimi nilizima moto. Nilizima baada ya beguni ya mwisho kutoka.

Hospitali nilikwenda mara moja tu, nikamkuta usingizini. Shafik akanishika mikono, akanishukuru kwa kuwa karibu na mjomba wake. Akanieleza maneno ya daktari, bila ubaya wowote moyoni: kiharusi kile huenda kwa dakika, kila dakika inaondoka na kitu. Mjomba atapona, ila mkono wa kulia haujulikani. Nikamwuliza ni dakika ngapi. Akasema, "Allah ndiye ajuaye, chacha," yaani ami. Mimi pia nilikuwa najua. Ni muda wa karai moja la beguni.

Alirudi kafteria baada ya Idi kubwa. Walimweka kwenye kiti kando ya mlango, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu alichopewa amshikie mtu. Shafik ndiye aliyekuwa anakaanga sasa. Nilikwenda nikiwa nimepanga maneno yangu ya kuomba radhi, nimeyafanyia mazoezi kwa Kiarabu njia nzima. Aliponiona akacheka kwa nusu ya uso, akaita foleni yote isikilize.

"Mnamwona huyu Sudi bhai? Mimi nimeanguka, yeye ameokoa beguni. Hata moja haikuungua. Fundi ni huyu, nyinyi wengine mnakula tu."

Watu wakacheka. Mmoja akapiga makofi. Kiprono alikuwa ndani ya foleni na kikombe chake cha chai, yeye hakucheka. Alinitazama, kisha akaangalia chini. "Ni kweli," akasema. "Nilikuwa hapa. Hakuna iliyoungua."

Bwana Nurul akamwashiria Shafik, akachukua kijiko kwa mkono wa kushoto, akaninyooshea. Alitaka nikaange mkupuo mmoja mbele ya watu, kwa heshima yangu. Nilimtazama usoni nikitafuta kama kuna kejeli, na hapakuwa na kejeli. Alikuwa anafurahi. Nikafikiri, watu wa Ng'ambo walicheka hivi hivi, na mimi nikanenepa kwa kicheko chao, lakini lile paa halikumwangukia mtu. Mama alinifundisha kugeuza, akadhani mengine nitayajua mwenyewe. Wajukuu zangu hawajui kukaanga chochote, huagiza chakula kwa simu, na nilikuwa nikiwasikitikia. Sasa mmoja akijikwaa sebuleni, wenzake wote watano huruka kwa pamoja, na mimi nakaa kwenye kiti nawatazama kama mtu anayetazama watoto wa watu wengine.

La kuvunda halina ubani. Yale maneno yangu ya Kiarabu hayakutoka. Nilikipokea kijiko kwa sababu mkono wake ulikuwa umechoka, nikakilaza juu ya meza, taratibu kisilie. Nikamwambia nimesahau kitu nyumbani. Akasema, "Yalla, usichelewe, zitapoa." Nikapita kando ya foleni, nikavuka barabara, nikaendelea kutembea, na pale sijarudi tena.