Ovaroli Zilizofichwa kwa Jirani

Sijui kama nimeelewa vizuri, naandika hivyo hivyo.

Mama ana karakana ya kushona hapa Kahama. Anataka kuwauzia ovaroli watu wa mgodini kule Bulyanhulu, ila hawanunui kwa mtu asiye na cheti cha usimamizi wa ubora, kile cha viwango vya kimataifa. Bila cheti anabaki na sare za shule, na sare zina msimu. Msimu ukipita, mafundi wake wanakaa tu.

Leo mkaguzi wa cheti alikuwa anakuja. Asubuhi tulipiga deki, kisha Mama akanituma nikafiche kwa mama jirani ovaroli zote mbovu, zenye zipu zilizopinda na mikono iliyoshonwa kinyume. Niliona sawa kabisa. Hata shuleni wakija wakaguzi, madawati yaliyovunjika tunayarundika nyuma ya jiko.

Mkaguzi akaingia, nikamwamkia, akaitikia marahaba. Akawauliza mafundi wanapimaje mshono. Wakajibu vizuri. Mama akaanza kutabasamu.

"Sasa mama, zilizokosewa mnaweka wapi?"

"Yaya!" Mama akakataa kwa Kisukuma. "Hapa kwangu hakuna kinachokosewa, baba."

"Hata moja?"

"Hata nusu."

Fundi mmoja akakohoa. Nilidhani mkaguzi atafurahi. Badala yake akafunika kalamu yake.

"Basi cheti sitaweza kukupa. Kila mtu anakosea. Nataka nione mkikosea mnafanyaje."

Mimi mbele ya wageni huwa sisemi, lakini nilijisikia nasema, "Ziko kwa jirani."

Mama akanitupia lile jicho ninalolijua. Halafu, sijui ikawaje, akacheka. "Haya kimbia kazilete, si mdomo umeshafunguka!"

Mkaguzi akazigeuza moja moja, anauliza kila kosa limetokana na nini. Na anaonekana kafurahi! Akasema atarudi, akute zimetengewa sehemu yake na chanzo cha makosa kimerekebishwa. Cheti bado.

Sasa Mama kabandika utepe mwekundu sakafuni, kazipanga humo, peupe. Yule fundi aliyekohoa kazitazama weee, kisha kauliza, "Bosi, akirudi asikute mbovu mpya, si atatunyima tena?"

Nilitaka kucheka, nikaona hata mimi sijui.

Mama kafikiri. "Wewe shona vizuri tu," kamwambia. "Kukosea utakosea."