Ng'ombe Aliyeandikwa Kitabuni

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wao, kwa hiyo hasira yangu inaanzia kwangu mwenyewe.

Gaudensia ni jirani yangu hapa Tlawi, mjane wa miaka sitini na kidogo. Analima vitunguu saumu kwenye kipande cha mteremko na kulea wajukuu watatu. Mwaka aliofiwa na mumewe, rafiki wa marehemu, Yoakimu wa Dongobesh, alimletea ng'ombe wa kukaa naye. Kwetu mpango huo unajulikana: maziwa na samadi ni vya anayefuga, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Na una adabu yake. Ng'ombe anayelala kwako anaitwa wako, na hakuna mwenye akili timamu anayetangaza alitoka kwa nani. Ukisema, umemwaibisha aliyepewa na umemwanika aliyetoa.

Basi wakaja wataalamu wa taasisi moja ya kufikiri. Ndiyo, kazi yao ni kufikiri, na wanalipwa kwa hilo. Walikuwa wanafikiria biashara jamii, yaani biashara ambayo faida yake hailiwi na tajiri mmoja bali inarudi kuwainua maskini. Wazo zuri, silikatai. Walipanga kujenga kiwanda kidogo cha maziwa na kuwagawia mitamba wanawake wasio na ng'ombe.

Kijana wao, Alex, alimwamkia Gaudensia vizuri, shikamoo mama, kisha akafungua kishikwambi.

"Mama, una ng'ombe wangapi?"

Gaudensia akanitazama, akajibu kwa Kiiraqw, lugha yetu. Nikatafsiri: "Mmoja."

Nilijua. Nilijua ng'ombe ni wa nani, na nilijua jibu lile litamfanya nini kwenye orodha ya mitamba. Ningeweza kumvuta Alex pembeni. Adabu ikanifunga mdomo. Alex akabonyeza, akaenda nyumba ya pili, na Gaudensia akakosa mtamba.

Hilo tungelimeza. Lakini taasisi ikatoa kitabu, karatasi zinang'aa, na ndani yake Gaudensia ameshika kamba ya ng'ombe, chini yake maandishi: "Mmiliki wa ng'ombe, amejikwamua mwenyewe." Nani aliwaambia amejikwamua? Kitabu kilifika Dongobesh kabla ya kufika kwetu. Yoakimu akaona mali yake imepata mmiliki mbele ya serikali na wafadhili. Siku ya tatu asubuhi alikuwa uani kwa Gaudensia.

"Shemeji, mimi sijasema ni mmiliki," Gaudensia alimwambia.

"Aliyeandikwa ndiye atakayeshinda kesi," Yoakimu akajibu, akamfungua ng'ombe.

Nilimchukia, ingawa ningekuwa yeye ningeogopa vilevile. Wiki ile wajukuu walianza kunywa uji wa maji matupu, na shamba la saumu likakosa samadi.

Mwezi uliofuata tukaalikwa Katesh kwenye uzinduzi wa awamu ya pili ya mradi. Viti vilivalishwa vitambaa vyeupe, na picha ya Gaudensia ukutani ilikuwa kubwa kuliko mlango. Nilisimama nikaeleza yote, nikavunja ile adabu niliyoilinda siku isiyofaa. Mkurugenzi wa taasisi akanishukuru kwa mchango wangu. Orodha ya mitamba, akasema, ilishafungwa, lakini kosa la maandishi litarekebishwa katika toleo lijalo la kitabu.

Gaudensia akainuka. Safari hii hakunisubiri nimtafsirie. Alisema kwa Kiswahili chake mwenyewe, taratibu.

"Hilo toleo lijalo linakamuliwa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Wakapiga makofi, wakidhani mama wa watu anawachangamsha. Alex peke yake aliinamisha kichwa. Mkurugenzi, bado anacheka, akamwomba Gaudensia arudie maneno yale, maana kamera ilikuwa haijawashwa.