Vitafunio vya Nguchiro wa Mama

Nguchiro wa mama yangu alikuja mwenyewe. Alitokea nyuma ya rundo la kuni, nyumbani kwa mama mtaani Wabera, akiwa mdogo wa kuenea kwenye kikombe, akasimama kwa miguu ya nyuma na kumtazama mama akinywa chai. Mama akamkaribisha. Hatukumfunga wala kumfungia; alizurura mchana kutwa na kurudi saa ya chai, na mama akamwita Mgeni. Nilimkumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu hupewa jembe. Akanijibu, mgeni njoo, mwenyeji apone, na mjadala ukaishia hapo kama inavyoishia mijadala yangu yote na yeye.

Huko kupona ndiko kulikokuwa kunanikosesha raha. Mama ana ugonjwa wa sukari, na kidonda cha mguuni kilikuwa kimekataa kufunga. Kliniki walimwambia wazi kwamba sukari isiposhuka, huenda akaupoteza mguu ule. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa huwa mkali. Nilipekua jikoni kwake kama askari wa kizuizi cha barabarani, nikatoa kila kitu kitamu isipokuwa mkebe wa tende na kipande cha halua, ambavyo mama alisema ni vya Mgeni. Aliniahidi kwamba yeye hatajipakulia hata tende moja. Nikamwamini, maana mama yangu hasemi uongo. Ila anajua kuyapanga maneno.

Sukari haikushuka. Nilikuwa nikifika, naonja chai yake, nakagua masufuria, sioni kitu. Wakati huohuo Mgeni alikuwa akinenepa mpaka tumbo likawa linafagia ua. Siku moja alijaribu kurukia dirishani, mahali alipozoea kuota jua, akaangukia karai la vyombo. Mama akapiga kelele ambazo hakuwahi kupiga kwa ajili ya mguu wake.

Tukampeleka kwa daktari wa mifugo, yeye ndani ya kikapu, mama nyuma akichechemea. Daktari yule amezoea ngamia na mbuzi. Alipofunua kikapu alicheka mpaka akavua miwani, kisha akauliza mnyama hula nini. Mama akataja kwa fahari ya mwenyeji: tende, halua, mandazi ya kununua yaliyochovywa kwenye chai ya maziwa ya ngamia.

"Mama, huyu ni wa nyama na wadudu," daktari akasema. "Hiyo sukari itamuua."

Akatueleza kitafunio kinachomfaa: yai la kuchemsha lisilo na chumvi, kipande kidogo cha maini, mnofu wa kuku usiokaangwa, na panzi anaowakamata mwenyewe. Vitamu, basi kabisa. Mama alitikisa kichwa njia nzima kwa huzuni. Daktari wake mwenyewe alikuwa amemwambia maneno hayohayo, na siku ile alirudi nyumbani akaomba chai.

Nikawa mnunuzi wa Mgeni. Tende na halua nikavibeba kwangu, mtaa wa Bulla Pesa. Muuza nyama aliniuliza maini madogo hivyo ni ya nani, nikasema mama ana mgeni, naye akaniongezea kipande kizuri kwa heshima ya mgeni huyo.

Alasiri moja nilifika bila kutarajiwa. Mama alikuwa ameketi mkekani, Mgeni mbele yake, na yai limekatwa vipande viwili. Mama akasema bismillahi, akala kipande chake, ndipo akamsogezea mwenzake cha pili. Nikasimama mlangoni nikielewa polepole.

Nikamuuliza kama na tende zilikuwa hivyo. Hakuona haya hata kidogo.

"Kwetu mgeni hawezi kula peke yake," akasema. "Mwenyeji anaonja kwanza."

Kumbe tende kwa tende, halua kwa halua, walikuwa wakienda pamoja. Hakujipakulia chochote; alikuwa akimsindikiza mgeni. Nilicheka, halafu hasira ikanipanda, nikaanza hotuba yangu ya mguu. Sikufika mbali.

"Tangu baba yako aende," mama akasema, "mimi nakula na nani?"

Neno lile liliniuma. Nilikuwa nikija kuonja chai yake, lakini sikuwa nikikaa kuinywa.

Siku hizi nafika saa ya chai na mayai mfukoni, langu likiwemo. Kinachowekwa sahanini ni kile kinachomfaa Mgeni na kinachomfaa mama, na nimeshangaa kuona jinsi vinavyofanana. Sukari imeanza kushuka, na kidonda kinafunga kutoka pembeni. Mgeni amerudi dirishani. Mama analalamika kwamba yai bila chumvi ni adhabu, na mimi namwambia amlalamikie daktari wa ngamia.

Juzi Mgeni aliingia na panzi mdomoni, miguu bado inapigapiga, akamweka mkekani katikati yetu. Nikamwambia mama hiki ndicho kitafunio bora kuliko vyote, hakina hata chembe ya sukari, na mwenyeji huonja kwanza.

Mama akatengeneza mtandio wake, akamtazama panzi, kisha akanitazama mimi.

"Leo mwenyeji ni huyu," akasema. "Wageni ni sisi. Na wewe ndiye unayetoka mbali."

Bulla Pesa na Wabera ni mwendo wa miguu tu. Nikamwambia kesho nitakuja mapema.