Mafurungu ya Marehemu Mama

Mama wa kambo alikuwa na kipaji kimoja tu: kugeuza kitu kizuri kikawa upuuzi. Alitoka Lindi, alikokuwa akimpigia pasi mke wa bwana mmoja wa Kijerumani, akaja kwetu Kilwa Kivinje na msemo aliouokota huko: "Wazungu hawatupi kitu, hukigeuza kingine." Baba, karani wa boma, aliupokea kama fatwa.

Basi mapambo ya marehemu mama yangu yakaanza kutoka kashani, moja moja, kwenda kwa sonara. Majasi ya masikioni yakawa vifungo vya koti la baba. Mkufu ukawa mnyororo wa saa, na kwa kuwa saa yenyewe hatukuwa nayo, baba akaning'iniza ufunguo wa ghala. Kipini cha pua kikachomekwa mbele ya kofia yake ya tarbushi. Wanawake waliokijua puani kwa mama walijiziba midomo kwa kanga alipopita, naye akadhani wanamwonea haya. Maskini akipata, matako hulia mbwata.

Ulikuwa mwaka wa njaa, vita vya Maji Maji vimekwisha juzi tu. Wanawake wa Umatumbi waliteremka pwani na watoto waliokauka, wakivua vikuku vya shaba mikononi ili wapate unga. Mama wa kambo aliwapa kibaba kwa kikuku, tena kibaba kisichojaa, kisha akavitundika vikuku kwenye ufito juu ya dirisha vishikilie pazia. Akilivuta, vinagongana. "Kama bomani," akasema. Kabla ya hapo nilikuwa namcheka tu. Tangu siku hiyo nilimdharau.

Yakabaki mafurungu ya miguuni, ya fedha, mazito, na ndani yametiwa punje zinazolia mwanamke akitembea. Mama yalimtoka yenyewe alipokonda kwa ugonjwa, akanikabidhi, akasema niyavae siku ya kuingia nyumba ya mume. Nami nilikuwa nimeshaposwa. Mke wa baba aliyataka yawe bizimu ya mkanda wake.

Furungu la namna ile halina bawaba. Mguu hupakwa mafuta, ukabanwa, likasukumwa mpaka lipite kisigino, na likishapita, mguu ukiwa na nyama, halitoki ila kwa tupa ya sonara. Mwari hajivishi; huvishwa na somo wake, kungwi aliyemfunda, siku ya harusi. Mimi nilijifungia chumbani na kifuu cha mafuta ya nazi, nikauma kanga nisipige kelele, nikajivisha yote mawili. Kisha nikapita ukumbini polepole ili yasikike.

"Mwari kajivisha mwenyewe! Aibu gani hii?" mama wa kambo akapiga ukelele.

"Mwenye aibu ni nani, mama?" nikamwuliza.

Kesho yake sonara aliitwa nyumbani na tupa yake. Mzee wa Kihindi, si mtu wa huruma nyingi, lakini aliitazama miguu yangu iliyovimba akamgeukia baba. "Karani, nikikata fedha nitakata na ngozi. Mwache mtoto aolewe nayo."

Nikamtazama baba. Nilijua analiogopa boma, na nilijua anamwogopa mkewe. Lakini mafurungu yale aliyanunua yeye mwenyewe, akampelekea mama yangu katika mahari. Nilitaka neno moja tu, "Basi," na ningemsamehe mpaka kile kipini. Mama wa kambo akakohoa. Baba akainamisha macho kwenye mkeka.

"Kata moja tu," akasema.

Moja tu! Mwanamume hana ubavu hata wa kudhulumu kitu kizima. Tupa ikasaga, damu ikatoka, punje zikamwagika mkekani, na mama wa kambo akaziokota huku akisema zitafaa kwa hereni.

Niliolewa nikiwa na furungu moja. Mama nilikuwa nimeshamlia nikamaliza. Baba nilianza kumlia siku ile, naye ameketi mbele yangu, mzima wa afya.